Feza ya shule ifuate mtoto, isifuate karatasi

Katika shule nyingi za msingi za mashariki mwa Congo, walimu wawili wanafundisha vyumba vinavyopakana. Programu ni moja, saa ni zilezile, diploma ni ileile. Mwisho wa mwezi mmoja anapata mshahara wa serkali, mwingine hapati kitu. Jina la mmoja liko kwenye listi ya malipo kule Kinshasa, la mwingine haliko, na tofauti yao inaishia hapo. Walimu hao wasio na kitu wanajulikana kila mahali kwa herufi mbili: NU, wale wapya ambao hawajaingizwa kwenye listi, na NP, wale ambao wanajulikana na serkali lakini hawalipwi.

Mambo haya huzungumzwa kila mara walimu wanapogoma. Serkali inaahidi kuingiza elfu kadhaa, sindika zinarudi kazini, na mwaka unaofuata wimbo unaanza upya. Kinachosahauliwa ni swali lililo chini ya yote: serkali inatumia kipimo gani kugawanya feza ya shule? Mpaka swali hili lipate jibu la wazi, kila ahadi itakuwa maji ya kutwanga kwenye kinu.

Katiba ya tarehe 18 mwezi wa pili 2006, katika kifungu cha 43, inasema masomo ya msingi katika shule za serkali ni ya lazima na ni ya bure. Neno hilo lilikaa kwenye karatasi kwa miaka 13. Tangu mwanzo wa miaka ya 1990, serkali ya Zaire iliposhindwa kulipa na mwaka wa masomo wa 1991-1992 ukapotea, ni wazazi waliobeba shule mgongoni. Walilipa prime ya mwalimu, walilipa chaki, na sehemu ya feza yao ilipanda ngazi kwa ngazi kulisha ofisi zilizo juu ya shule. Mwezi wa tisa 2019, Raisi Félix Tshisekedi alianzisha kweli elimu ya bure katika shule za msingi. Mamilioni ya watoto waliingia darasani. Hilo ni jambo kubwa, na hakuna mzazi mwenye akili timamu anayetaka kurudi nyuma.

Lakini feza ya wazazi, hata kama ilikuwa mzigo mzito, ilikuwa na tabia moja: ilifuata mtoto. Shule yenye watoto wengi ilipata prime nyingi, na mwalimu asiyekuwa kwenye listi alipata fungu lake. Feza ya serkali haiendi hivyo. Inafuata listi. Kwanza shule inahitaji arete ya waziri. Kisha inahitaji kuingizwa kwenye bajeti na kupewa namba. Kisha kila mwalimu anahitaji matrikile na kumekanizwa na idara ya malipo, iliyoitwa zamani SECOPE na leo DINACOPE. Shule inaweza kukaa miaka na arete mkononi bila mwalimu hata mmoja kulipwa. Nayo feza ndogo ya kuendesha shule, ile ya chaki na madaftari ya kutayarishia masomo, inatolewa kwa shule kama shule, bila kuangalia kama ndani mna watoto 150 au 700.

Mfano wa hesabu unaonyesha matokeo. Shule ya kwanza ina madarasa 6 yenye watoto 30 kila moja, jumla 180. Shule ya pili ina madarasa 6 yenye watoto 90 kila moja, jumla 540. Zote mbili zina walimu 6 na direkta mmoja kwenye listi, kwa hiyo serkali inazilipa sawasawa. Ukigawanya kwa kichwa, mtoto wa shule ya kwanza anapata mara 3 ya mtoto wa shule ya pili. Ongeza shule ya tatu, iliyo ndani ya kijiji kilicho mbali na barabara, yenye watoto 200 na walimu ambao hakuna hata mmoja aliyemekanizwa. Mtoto wa hapo anapata sifuri. Watatu hao ni raia wa nchi moja, na kifungu cha 43 kinawahusu wote sawa.

Mashariki, vita vimeongeza ubaya wa hesabu hiyo. Wakaaji wa Masisi au Rutshuru wanapokimbia, watoto wanakimbia nao, lakini namba ya shule inabaki kwenye listi pale ilipokuwa. Shule za Oicha, za Lubero au za Minova zinapokea mamia ya watoto wa wakimbizi wa vita. Madawati yanajaa, wengine wanakaa chini, mwalimu mmoja anafundisha asubuhi na mchana. Feza haiongezeki hata franka moja, kwa sababu mbele ya listi hakuna kilichobadilika. Direkta anayefungua mlango wake kwa watoto wa wengine anaadhibiwa kwa ukarimu wake. Anabaki na njia mbili: kuwafukuza, au kuomba kichinichini mchango ambao sheria inamkataza kuomba. Wazazi wengi wa mashariki wanajua ni njia gani inayofuatwa mara nyingi, na wanajua ni mtoto gani anayerudishwa nyumbani wa kwanza.

Listi hiyo ina ubaya mwingine: inaonekana na watu wachache. Kila direkta anajua safari ya dosye, kutoka ofisi ya elimu ya karibu mpaka jimbo la elimu, kutoka jimbo mpaka Kinshasa, na kila meza ina bei yake. Mwenye mtu mkubwa wa kumsemea anapita mbele. Shule za kata ambazo hazina mtu Kinshasa zinangoja. Mwaka 2020, wakaguzi wa feza za serkali, IGF, walipofungua vitabu vya SECOPE, walikuta shule hewa zikilipwa. Mwaka uliofuata, wakubwa wa idara za elimu walihukumiwa kifungo kwa wizi wa feza. Hukumu hiyo ilikuwa ya lazima, lakini wezi wakitoka na mlango ukabaki wazi, wengine wataingia. Kipimo kinachojulikana na wachache siku zote ni shamba la wezi.

Kuna njia nyingine, na majirani wanaijua. Kenya ilipoanzisha elimu ya bure mwaka 2003, iliweka kiasi kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi: shilingi 1,020 kwa mwaka, kisha ikapandishwa mpaka 1,420. Tanzania iliweka shilingi 10,000 kwa mwaka kwa kila mtoto wa shule ya msingi. Mishahara ya walimu inalipwa kando, na feza hiyo ni ya kuendesha shule tu. Huko nako si paradiso: feza inachelewa, mara nyingine inafika pungufu, na walimu wakuu wanalalamika. Lakini angalia tofauti. Mzazi wa Kisumu au wa Kigoma anajua namba. Anaweza kuzidisha kwa idadi ya watoto, akaenda kwa mwalimu mkuu na kuuliza feza iliyobaki iko wapi. Mzazi wa Uvira au wa Bunia hana namba ya kuzidisha, na bila namba hawezi kudai.

Wako watakaosema kwamba ukilipa kwa kichwa cha mtoto, madirekta watabuni watoto hewa kama wengine walivyobuni walimu hewa. Ni kweli, hatari hiyo iko. Lakini watoto ni rahisi kuhesabu kuliko makaratasi ya Kinshasa. Kila shule ina kamati ya wazazi, COPA, na kamati ya usimamizi, COGES. Idadi ya watoto na kiasi cha feza vikibandikwa kwenye mlango wa shule kila muhula, kijiji kizima kitakuwa mkaguzi. Mwanamke anayeuza ndizi mbele ya shule anajua kama watoto wanaotoka saa sita ni 200 au ni 600. Hakuna mkaguzi wa kutoka mbali anayeweza kumshinda.

Wengine watasema kwamba kipimo cha vichwa peke yake kitaua shule ndogo za vijijini, ambazo watoto wao ni wachache lakini bado zinahitaji direkta, paa na walimu. Hilo nalo ni kweli, na ndiyo sababu kipimo kizuri hakina mguu mmoja. Kinaanza na kiasi cha chini kwa kila shule, ili shule ndogo isife. Kinaongeza kiasi kwa kila mtoto, ili shule kubwa isizame. Kisha kinatia uzito zaidi pale ambapo maisha ni magumu: mahali pasipo barabara, mahali pa wakimbizi wa vita, mahali ambapo mwalimu anatembea siku nzima kutafuta mshahara wake. Kwa miaka mingi Congo ilifanya kinyume. Mshahara ulipangwa kwa zone, na mwalimu wa Kinshasa na wa Lubumbashi alipata kuliko yule wa kijijini. Aliyekuwa karibu na kila kitu aliongezewa, aliyekuwa mbali na kila kitu alipunguziwa.

Kugawa feza kwa kipimo si wazo la kigeni. Katiba ileile imeweka vipimo viwili. Kifungu cha 175 kinapa majimbo asilimia 40 ya mapato ya kitaifa, yakatwe palepale yanapopatikana. Kifungu cha 181 kinaunda sanduku la kusawazisha majimbo na kulipa asilimia 10, kwa ajili ya kupunguza tofauti kati ya jimbo na jimbo. Na kifungu cha 204 kinaweka masomo ya msingi na ya sekondari mikononi mwa majimbo, kwa kufuata kanuni za serkali kuu. Waliotunga katiba walijua nchi kubwa namna hii haiwezi kugawanya mkate kwa kuangalia sura za watu. Namba ziliandikwa. Kilichokosekana ni kuziheshimu, na kuzishusha mpaka kwenye mlango wa shule.

Feza kubwa imekwisha kutajwa kwa jina la watoto hawa. Mwezi wa sita 2020, Benki ya Dunia peke yake ilikubali dola milioni 800 kusaidia elimu ya bure. Mtu wa Walungu au wa Mambasa anayo haki ya kuuliza ni kiasi gani kilimfikia mtoto wake, na kwa kipimo gani.

Kikao cha bunge kinachoanza tarehe 15 mwezi wa tisa ni kikao cha bajeti. Wabunge wa mashariki, wa chama tawala na wa upinzani, wanaweza kuungana kwa maswali matatu tu. Listi ya shule zote zinazolipwa, na idadi ya watoto wa kila shule, itatolewa hadharani lini? Shule inayopokea watoto wa vita itaongezewa feza kwa utaratibu gani, na baada ya siku ngapi? NU na NP wa kila jimbo ni wangapi, na wataingizwa kwa kufuata nini: mwaka wa kuanza kazi na idadi ya watoto, au jina la mtu anayewasemea?

Maswali hayo hayahitaji feza mpya, yanahitaji karatasi iliyofichwa iletwe mezani. Waziri akiyajibu, wazazi wataweza kuhesabu wenyewe. Asipoyajibu, watajua pia. Na yule mwalimu asiye na mshahara ataingia tena darasani Jumatatu asubuhi, kwa sababu watoto watakuwa wamemtangulia.