Kununua ufunguo wa chumba ulichokwisha kulipia

Jamani wapenzi wa gemu, hivi siku hizi tunauziwa nini hasa?

Mwaka 2006 Bethesda walipowauzia wachezaji wa Oblivion deraya ya farasi kwa dola 2.50, wengi waliwacheka. Lilikuwa pambo tu, asiyelitaka aliliacha. Machi 2012 Capcom wakatoa Street Fighter X Tekken. Wadadisi wakachokonoa diski, wakakuta wapiganaji 12 wamo humo humo, ila wamefungiwa! Miezi michache baadaye ufunguo wao ukauzwa karibu dola 20. Sasa hapo umeongezewa nini?

Mimi sipingi nyongeza kuuzwa. Blood and Wine ya mwaka 2016, nyongeza ya The Witcher 3, nayo iliuzwa dola 20, lakini ilileta nchi mpya nzima na saa nyingi za kucheza. Hiyo ni kazi, ilipwe.

Ninachopinga ni bei kuingia jikoni. Mbunifu akishaambiwa mapema kwamba wahusika fulani watauzwa kando, hajiulizi tena gemu inahitaji nini ili ikamilike. Anajiuliza akate wapi ili mteja aone pengo na kurudi na pesa. Na anayeumia zaidi ni yule aliyejibana akanunua siku ya kwanza: amelipa bei ya juu kabisa kwa gemu pungufu.

Kwa hiyo tuache pupa. Ngoja uone kilichomo, au subiri toleo lenye kila kitu.

Naomba kuwasilisha. Wadau mnasemaje?