Mambo ya Nyumbani: Je, Nguo Chache Zakufaa?

Mwezi huu twataka kunena habari ya sanduku la nguo. Imeenea siku hizi desturi ya mtu kuchagua nguo chache zipatanazo, akazivaa hizo tu kwa miezi kadha, na nyingine akaziweka kando au kuwapa watu. Wengine wameisifu mno, hata wamewatia wenzao mashaka. Basi yatupasa kuipima.

Desturi hii ina asili yake. Katika miaka ya 1970, huko London, mwanamke mwenye duka la nguo, jina lake Susie Faux, aliwafundisha wateja wake kuwa na nguo chache zilizoshonwa vema, zisizopitwa na wakati upesi. Mwaka 1985, huko New York, Donna Karan alitoa mavazi ya namna 7, yaliyokusudiwa kuvaliwa kwa kubadilishana, kazini na jioni. Tena mwaka 2010 Courtney Carver, mwanamke wa Marekani, alianza kuvaa vitu 33 tu kwa miezi 3, akihesabu viatu na mapambo pia, lakini si nguo za ndani, wala za kulalia, wala pete ya ndoa.

Siri yake yote ni hesabu, nayo walimu wataifahamu upesi. Mwenye sketi 3 na blauzi 4, zote zikipatana, aweza kuvaa kwa namna 12. Lakini blauzi moja ikipatana na sketi moja tu, namna hizo zapungua kuwa 10. Ndiyo sababu wafuasi wa desturi hii hupenda nguo zisizo na maua, za rangi zilizotulia. Kitenge chenye nakshi kubwa huivunja hesabu yao, kwa kuwa hakikubali kuvaliwa pamoja na kila kitu.

Mama mmoja tumjuaye, mke wa mwalimu, aliifuata desturi hii kwa bidii. Kwa siku moja aliwagawia jirani vitenge vyake vyote, na pamoja navyo doti ya kanga aliyoachiwa na marehemu mama yake. Akabakiza nguo nyeusi, nyeupe na za kahawia. Haukupita mwezi, jirani yake akamwuliza kwa huruma, “Dada, kuna msiba kwenu?” Naye alicheka, lakini moyoni aliona kwamba hakuwa yeye tena. Ndipo akaikumbuka ile kanga, akaenda kuiomba. Alipofika mlangoni alimwona mtoto mchanga amebebwa ndani yake, amelala. Akamsalimu mama wa mtoto, akamshika mtoto mkono, akarudi nyumbani pasipo kusema neno.

Hatusemi kwamba mama huyu alikosa kwa kutoa. Twajua katika Injili ya Luka, mlango wa 3, ya kuwa makutano walipomwuliza Yohana Mbatizaji yawapasayo, alianza na habari ya kanzu na ya mtu asiye nayo. Lakini ni jambo moja kutoa kwa sababu mwenzako hana, na jingine kutoa kwa sababu umesikia kwamba wengine wametoa. La kwanza laacha furaha. La pili laweza kuacha majuto. Tena mumewe mama huyo, kwa miaka mingi, huvaa suruali 2 na mashati 4, ametulia kabisa, wala hakujua ya kuwa jambo hilo lina jina. Nyumba ni moja, walakini tabia ni mbili.

Basi, wewe utajuaje? Kwanza, usinunue kitu wala usitoe kitu. Kwa siku 30 kila nguo uliyovaa iweke upande wake, kisha uzihesabu. Ukiona umezirudia zile zile 10 au 12, na moyo umeridhika, ujue umekwisha kuwa mtu wa nguo chache; zilizobaki waweza kuzitoa pasipo hofu. Lakini ukiona umezivaa karibu zote, na kila moja imekupa furaha mahali pake, usijilazimishe.

Pili, hesabu siku za kufua. Afuaye Jumamosi tu ahitaji nguo za siku 6 za kazi, na vazi la ibada. Wakati wa masika nguo zaweza kukaa siku 2 au 3 pasipo kukauka. Tena nguo chache hufuliwa mara nyingi, hivyo hupauka na kuchakaa upesi. Kwa hiyo, ukinunua, hata kama ni mtumba, vuta mshono kwa mikono miwili, tazama ukosi na pindo, ndipo uulize bei.

Tatu, angalia kazi yako na mahali ukaapo. Blauzi nyeupe ina uzuri wake, lakini haina rafiki penye mavumbi mekundu.

Nne, usiziingize katika hesabu nguo za ukumbusho, wala kanga za kubebea mtoto na za kwendea msibani, wala vazi la kwaya. Hizo zina kazi ambayo hesabu haiijui.

Na jambo moja tulitie moyoni. Tusidhani kwamba rangi ya kahawia ina utakatifu kupita nyekundu. Yeye aliyewavika ndege wa porini hakuona haya kwa rangi. Mtu aweza kujivunia uchache wa nguo zake kama vile mwingine ajivuniavyo wingi. Ile fedha ya ada iliyotumika kununua nguo mpya “zipatanazo” imepotea sawasawa na iliyotumika kwa vitenge.

Wahenga husema nguo ya kuazima haisitiri. Vivyo hivyo desturi ya kuazima. Chagua kwa utulivu, mbele za Mungu na pamoja na watu wa nyumbani mwako. Tena kabla ya kutoa, fungua kila nguo, ukumbuke imetoka kwa nani.

Amani ya Bwana ikae nyumbani mwenu.