"Dakika Moja Tu" Getini

Mwezi huu nataka tuzungumze juu ya jambo ambalo mimi mwenyewe nimekuwa mkosaji, nalo ni namna tunavyoegesha magari mbele ya shule za chekechea.

Asubuhi moja hapa Dar es Salaam nilikuwa nimechelewa kazini. Nikasimamisha gari mbele ya geti, nusu likiwa juu ya njia ya waendao kwa miguu. Nikasema moyoni, "Dakika moja tu." Nikamkabidhi mwanangu kwa mwalimu, nikarudi mbio, nikaanza kurudisha gari nyuma. Ghafla mama mmoja akaligonga gari kwa kiganja, akipiga kelele. Nilishuka kwa hasira nikiwa tayari kumjibu. Nyuma ya gurudumu kulikuwa na mtoto amechuchumaa, anaokota chupa yake ya maji.

Nilikosa la kusema. Mama yule akaniambia taratibu, "Mama Upendo, jana hapo niliegesha mimi."

Sisi wazazi ni hodari wa kulaumu daladala na bodaboda. Lakini getini pale asubuhi, hatari tunaileta wenyewe. Mtoto wa miaka minne ana urefu wa mita moja hivi. Akisimama karibu nyuma ya gari dereva hamwoni, seuze akichuchumaa. Tena tukiziba njia ya miguu, mama aliyebeba mtoto mgongoni na kumshika mwingine mkono hulazimika kushuka barabarani. Gari liendalo kilomita 50 kwa saa hupita karibu mita 14 kwa sekunde moja. Ndiyo maana Azimio la Stockholm la mwaka 2020 lilitaka mwendo usizidi kilomita 30 kwa saa mahali ambapo watembea kwa miguu huchanganyika na magari.

Tufanye nini basi?

1. Egesha mbali kidogo na geti, umshike mtoto mkono mpaka kwa mwalimu. Toka nyumbani dakika tano mapema.

2. Kwa kuwa huku kwetu tunaendesha upande wa kushoto, mtoto ashukie mlango wa kushoto, si upande wa barabara.

3. Usirudi nyuma mbele ya geti. Ukilazimika, zunguka gari kwanza, kisha mtu mzima asimame akuongoze.

4. Usimwite mtoto kutoka ng'ambo ya barabara. Akikuona mama yake, hatazami gari. Mfuate wewe.

5. Mwambie haya dereva wa bajaji au wa basi dogo linalomchukua mwanao.

Na mwenzako akikosea je? Usimfokee mbele ya mtoto wake, maana aliyeaibishwa hujitetea. Mvute kando, mweleze ulichokiona. Asiposikia, mpelekee mwalimu mkuu, na jambo lizungumzwe katika kikao cha wazazi bila kutaja mtu. Sisi tulikubaliana kwamba mbele ya geti pasisimame gari lolote, na wazazi wapokezane zamu ya kusimama pale asubuhi. Matuta na alama za kivuko ni kazi ya wenye mamlaka, lakini wazazi wakienda pamoja serikali ya mtaa, husikilizwa upesi kuliko mmoja mmoja.

Wiki za kwanza wengine walinung'unika, hasa siku za mvua. Mimi pia viatu vyangu viliingia matope. Lakini katika mwendo ule mfupi mwanangu hunisimulia mambo ambayo ndani ya gari hakuwa akiyasema. Na kila ninapoona chupa ya maji ya mtoto, moyo wangu bado hushtuka.

Mama mwenzangu, kesho asubuhi utaegesha wapi?

Tuonane mwezi ujao.