Nondo wa Mchana na Ukoo Wao

Watu wengi hudhani ya kuwa kila mdudu mwenye mabawa ya rangi za kupendeza, arukaye mchana, ni kipepeo, na kila aizungukaye taa usiku ni nondo. Dhana hiyo si sahihi. Mtu atembeaye asubuhi karibu na maduka ya Adams Arcade, kando ya Barabara ya Ngong mjini Nairobi, akiyatazama maua ya bustani za jirani, huenda akamwona mdudu wa rangi kali akiruka polepole kutoka ua hadi ua, naye akawa ni nondo hasa. Nondo wa mchana wamo katika koo mbalimbali, na rangi peke yake haitoshi kumjulisha mtu ni wa ukoo gani.

Ukoo mmoja ulio mashuhuri huitwa kwa Kilatini Zygaenidae. Una aina zipatazo 1,000 duniani, nyingi zikikaa nchi za joto, hasa Asia. Wale wenye madoa mekundu, kadiri ya aina 100, hukaa Ulaya, Asia ya Magharibi na Afrika ya Kaskazini. Jamaa zao wako Yemen na Oman, na wengine Afrika ya Mashariki na ya Kusini. Vipapasio vya baadhi yao hunenepa kuelekea nchani kama vya kipepeo, hata mtu akadanganyika. Kwa hiyo mtaalamu hutazama pia mishipa ya mabawa, umbo la kiwavi, na chakula chake.

Nondo wale wa madoa mekundu hawana haraka wala hawajifichi, maana miilini mwao mna sumu. Sumu hiyo ni ile ile iliyomo katika muhogo mchungu, ambayo wapishi huiondoa kwa kuumenya muhogo, kuuloweka na kuuanika. Ndege amwonjaye mmoja hujuta, na rangi ile humkumbusha asirudie.

Je, mkulima apata faida gani kwa kuijua nasaba ya nondo? Jibu lilipatikana mbali, katika Visiwa vya Fiji. Tangu miaka ya 1870, katika kisiwa cha Viti Levu, nondo mdogo wa ukoo huu, wa rangi ya buluu ing'aayo, aitwaye Levuana, aliiharibu minazi. Viwavi wake waliyala makuti hata minazi ikakosa nazi, na wakulima wakakosa mbata. Bwana J. D. Tothill akapewa kazi ya kutafuta njia ya kumshinda. Hakuna aliyejua nondo huyo alikotoka, wala adui zake ni nani. Lakini ukoo wake ulijulikana. Huko Malaya alikuwako ndugu yake, aitwaye Artona, naye pia alikula makuti ya minazi. Tena alikuwako nzi atagaye mayai juu ya kiwavi huyo, na funza wake humla kiwavi hata akafa. Nzi hao walisafirishwa kwa meli mwaka 1925, wakafunguliwa mashambani Fiji, na kwa muda mfupi Levuana akashindwa. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwaka 1929 Bwana Tothill alikuja Uganda kuwa Mkurugenzi wa Kilimo.

Hata hivyo, habari hii ina upande wa pili. Levuana hajaonekana kwa miaka mingi, naye huhesabiwa kuwa ametoweka duniani. Tena nzi yule hachagui kiwavi wa namna moja tu; huwala na viwavi wa nondo wengine wasiodhuru shamba. Ndiyo sababu siku hizi mdudu mgeni huchunguzwa kwanza, ijulikane atakula nini na ataacha nini, na nchini Kenya haingizwi bila kibali cha KEPHIS, shirika likaguالo afya ya mimea.

Basi mkulima akimwona nondo asiyemjua, asimwue kwa sababu ya rangi yake, wala asimwache kwa sababu ya uzuri wake. Na aangalie kiwavi wake ala jani gani, amtie mmoja chupani pamoja na jani lile, ampelekee Bwana Shamba. Ukoo ukijulikana, adui zake pia watajulikana.