Matumizi ni Deni Moja, Kuonana ni Jingine

Jumamosi moja asubuhi, ukungu wa Mlima Meru ukiwa haujainuka bado juu ya migomba, nilimkuta kituoni Tengeru binti wa miaka saba hivi, ameketi kando ya bibi yake, amekumbatia daftari, akimngoja baba atokaye mjini. Na kila daladala iliposhusha abiria aliinuka, akazitazama nyuso zao, akaketi tena, hata jua likapanda na bibi akamshika mkono warudi zao. Baba ameona haya kuja mikono mitupu, bibi aliniambia, maana mwezi uliopita mama aliapa kwamba pasipo matumizi hapana mtoto.

Kauli hiyo, pamoja na pacha wake isemayo “nisipomwona mwanangu sitoi shilingi”, naipinga kwa moyo wangu wote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa mtoto ambaye wazazi wake wametengana haki ya kutunzwa na kusomeshwa, tena ikampa haki ya kumtembelea mzazi wa pili na kukaa naye apendapo, maadamu masomo yake hayaharibiki. Ni madeni mawili, mdai mmoja, na mdai huyo ni mtoto. Wazazi hawana idhini ya kulizuia moja kwa ajili ya jingine.

Najua kwamba kwa Wameru na Waarusha mtoto huhesabiwa wa ukoo wa baba, na Sheria ya Ndoa ya 1971 imemtaka hakimu azizingatie mila. Lakini imeyatanguliza maslahi ya mtoto. Wako wanaodhani kwamba mtoto akitimiza miaka saba baba humchukua kama ndama aliyeachishwa ziwa. Sivyo: umri huo ni mpaka wa dhana tu, kwamba aliye chini yake aghalabu hufaa kukaa na mama, na dhana yenyewe yaweza kupingwa kwa ushahidi.

Penye kipigo au ulevi, mahakama na iweke mipaka. Kwingineko, wazazi waende kwa ofisa wa Ustawi wa Jamii, waandikiane siku, saa na mahali pa kukabidhiana, na matumizi yaandikwe kando. Wakishindwana, Mahakama ya Watoto ipo.

Nilimwomba binti anionyeshe daftari lile. Lilikuwa la hesabu, na ukurasa aliokuwa ameushikilia kwa kidole tangu alfajiri ulikuwa na vema tisa nyekundu.