Timu ya Toronto, Usingizi Wetu na Maneno ya Watu



Kuna maneno yametufikia, na kwa kuwa yamesemwa kwenye shughuli mbele za watu, na sisi tunayajibu mbele za watu. Imesemwa kuwa sisi wanne wa duka la ushoni Mwanakwerekwe tumeharibikiwa. Wanawake wazima, wake za watu, wenye watoto na biashara, ati tunaamka usiku wa manane kufuatilia mchezo wa Wazungu ambao hapa kwetu hata sheria zake hazijulikani. Tena si mpira wa miguu, ambao angalau mtu angesema tumeambukizwa na waume zetu. Ni besiboli. Na timu yenyewe ni Toronto Blue Jays ya Kanada.

Kuamka, tumeamka. Kuharibikiwa ndiko tunakokukataa.

Tueleze kwanza Toronto imefikaje Mwanakwerekwe. Dukani kwetu kuna cherehani ya tano, iko dirishani. Aliyekuwa akiikalia ni shoga yetu wa tangu chuo cha ushoni. Aliolewa, akamfuata mumewe Kanada, kama walivyokwenda Wazanzibari wengi kabla yake. Mwaka wa mwanzo tulikuwa tunapigiana simu kila wiki. Baadaye ikawa mara moja kwa mwezi. Halafu simu ikawa ya shida tu.

Hapa tusemezane ukweli ambao wengi hatuupendi. Mtu wetu aliye nje, simu ya nyumbani ikiita, moyo unamruka: nani amefariki, nani kalazwa, nani anataka ada ya shule. Na sisi tuliobaki tukiona kapiga yeye, tunajiuliza kama ameshatuma. Yeye hawezi kusema amechoka, maana nani atamsadiki mtu wa Kanada akisema amechoka? Sisi hatuwezi kusema mambo mazuri, tusije tukaonekana hatuna haja. Basi mazungumzo yanabaki hayo hayo. Hujambo? Sijambo. Watoto? Wazima. Baridi? Ipo. Halafu kimya, na dakika za simu zinakwenda bure.

Siku moja akatuma picha yuko uwanjani na wanawe, kavaa mtandio wa buluu na koti zito, na juu yao kuna paa. Mmoja wetu akauliza, uwanja wa mpira unakuwaje na paa? Akatueleza kuwa paa lile hufunguka na kujifunga kwa mashine, baridi ikizidi wanalifunga, na uwanja umefunguliwa tangu mwaka 1989. Sisi tukauliza jingine, akajibu, tukauliza tena. Tuliongea saa nzima. Hakuna aliyeomba kitu siku ile na hakuna aliyeahidi kitu.

Kilichotunasa sisi mafundi ni mpira wenyewe. Mashoga, mpira wa besiboli unashonwa kwa mkono! Vipande viwili vya ngozi nyeupe, uzi mwekundu, mishono 108 ya jozi, na mwanzo na mwisho wa uzi huvioni. Mipira ya ligi kuu ya Marekani hushonwa Costa Rica, na pamoja na mashine zote walizonazo, kazi hiyo bado ni ya mkono na sindano. Mrushaji huutafuta mshono kwa vidole kabla hajarusha, kwa sababu mshono ndio unaoufanya mpira upinde njiani. Anayekwambia ushoni ni kazi ndogo mwambie hivyo. Kinachotuuma ni kwamba mpira ukichubuka kidogo tu unatolewa, unaletwa mwingine. Mishono 108!

Sheria hatutazimaliza hapa. Ila mkumbuke rede yetu ya utotoni, halafu mmpe wa katikati rungu mkononi, badala ya kuukwepa mpira aupige, kisha azunguke vituo vitatu na arudi alipoanzia. Akirudi salama, timu imepata pointi. Timu mbili zinapokezana mara tisa. Wakilingana wanaongeza zamu mpaka mmoja ashinde, maana sare hakuna.

Wanaosema ni mchezo wa Wazungu wangetazama majina ya wachezaji: Wadominika, Wavenezuela, Wajapani, Wakorea. Huyo Vladimir Guerrero Jr. tunayempenda sisi alizaliwa Montreal baba yake akichezea timu ya huko, akakulia Jamhuri ya Dominika. Na mwaka 2017 Gift Ngoepe wa Afrika Kusini alikuwa wa kwanza kutoka bara letu kufika ligi kuu ile. Mwaka uliofuata alivaa jezi ya Toronto.

Jambo jingine lililotuingia ni hesabu. Timu moja inacheza mechi 162 kuanzia mwishoni mwa Machi mpaka mwishoni mwa Septemba, karibu kila siku, kama duka linavyofunguliwa. Mpigaji anayefanikiwa mara tatu katika kila kumi anahesabiwa hodari. Mwaka 2024 Toronto walikuwa wa mwisho kwenye kundi lao. Mwaka 2025 wakawa wa kwanza, wameshinda mechi 94 na kupoteza 68. Yaani mabingwa wa kundi walirudi nyumbani wamefungwa mara 68, na asubuhi wakafungua tena. Mwenye biashara anaijua hali hiyo. Mpira wa miguu ukifungwa Jumamosi unanuna wiki nzima. Huku huna nafasi ya kununa, kesho kuna mechi.

Sasa habari ya usiku. Toronto iko nyuma yetu saa saba wakati wa kiangazi chao. Mechi zao za usiku huanza saa moja na dakika saba, ambayo kwetu ni saa nane ya usiku. Hizo hatuziamkii, tunasoma matokeo baada ya Alfajiri kabla hatujabandika chai. Mechi yetu ni ya Jumapili, wanacheza mchana wao, kwetu ni saa mbili na nusu usiku. Isha imeswaliwa, watoto wamekula, mume yuko barazani na wenzake. Tunafuata kwenye simu. Programu ya ligi haitozwi, inaonyesha kila mpira uliorushwa kwa kidoti na rangi, na bando halimalizwi. Mara nyingi mchezo wetu ni vidoti hivyo na sauti ya shoga yetu anayetueleza anachokiona.

Tulichoamkia ni Oktoba 2025. Toronto ilikuwa haijafika fainali, yaani World Series, tangu mwaka 1993 ilipotwaa ubingwa kwa mara ya pili mfululizo. Miaka 32. Shoga yetu alikuwa hajitambui kwa furaha, sisi tukamwambia tutakuwa naye. Mechi za fainali zilianza saa mbili usiku kule, saa tisa usiku hapa.

Saa tisa ile kila mwanamke wa kisiwa hiki anaijua ni saa ya nini. Mwenzetu mmoja alikuwa anatia nia ya tahajudi miaka na miaka, na mwezi ule akaswali rakaa zake kwanza ndipo akashika simu. Watasema nia imechanganyika. Nia anaijua Mola, na hukumu waulizwe wenye elimu, sisi ni mafundi cherehani. Tunachoweza kukisema ni kuwa adhana ya Alfajiri iliposikika simu zililazwa kifudifudi, na hakuna aliyepitwa na swala kwa ajili ya Toronto. Wangapi wanakesha na tamthilia za Kituruki na hakuna anayewatia kwenye maneno?

Mechi ya tatu ndiyo iliyotutia aibu mjini. Ilianza saa tisa, ikapita Alfajiri, jua likatoka, wanalingana tano kwa tano, zamu tisa zikawa kumi na nane. Duka likafunguliwa. Mteja amekuja kujaribu gauni, sisi na pini mdomoni, simu imeegemezwa kwenye boksi la vifungo. Saa nne kasorobo imepita kidogo, Freddie Freeman wa Los Angeles akaupiga mpira nje ya uwanja, wakashinda sita kwa tano. Zaidi ya saa sita na nusu! Mteja aliuliza nani amefariki. Nadhani maneno yalianzia pale, ila gauni lake alilipata kwa wakati na halikuwa na kosa.

Asubuhi ya Jumatano, tarehe 29, Toronto wakashinda mechi ya nne. Wakawa mbili kwa mbili. Siku hiyo hiyo ilikuwa ya uchaguzi, na mchana intaneti ikakatika nchi nzima.

Siku zile watu walikuwa na mazito, kuna nchini waliopoteza wapendwa wao, na hatuandiki haya kuufananisha mpira na msiba. Hatukukaa tukisikitikia besiboli. Tunasema tu kilichokuwepo: mtu wetu alikuwa upande mmoja wa dunia na habari za kwetu anazisikia kwenye televisheni za huko, na sisi upande huu hatuna njia ya kumwambia kuwa tuko ndani, tuko salama, unga upo. Mechi tatu za mwisho zilichezwa sisi tukiwa kizani.

Iliporudi tarehe 3 Novemba, ujumbe wake uliingia kwa mkupuo. Mko salama? Mama mmemwona? Nijibuni. Katikati ya hizo, za usiku: wameshinda mechi ya tano, sita kwa moja. Wamefungwa ya sita. Ya saba hakuandika kitu. Aliandika tu kuwa ya mpira tutazungumza baadaye, kwanza tumwambie kama tu wazima. Tukamwambia tu wazima wote. Ndipo akatuma sauti, na mwanamke yule aliyestahamili baridi ya Kanada bila kulia, alikuwa analia. Toronto waliongoza nne kwa tatu mpaka zamu ya tisa, wamebakisha kuwatoa wapigaji wawili tu wawe mabingwa, mpira ukapigwa nje ukawalinganisha, wakafungwa zamu ya kumi na moja. Tano kwa nne.

Tunajua alikuwa halilii mpira peke yake. Siku tano zile alikuwa hana pa kulia, kazini hawamwelewi, nyumbani hatumpati. Mpira ulimpa kisingizio. Na sisi tulilia naye kwa sababu hiyo hiyo, halafu tukacheka.

Waliouliza shabiki gani hajawahi kuuona uwanja, wamtafute habari zake Mkorea anayeitwa SungWoo Lee. Miaka mingi aliishabikia Kansas City Royals akiwa Korea, hana ndugu pale, hana faida, na timu yenyewe ilikuwa mbovu, haijaingia mtoano tangu 1985. Agosti 2014 akasafiri kwenda kuiona kwa mara ya kwanza. Wenyeji walimpokea kama jamaa na akapewa heshima ya kurusha mpira wa kufungulia mechi. Mwaka ule ule timu ikafika fainali, akarudi kuitazama, ikafungwa na San Francisco mechi ya saba. Ubingwa waliupata mwaka uliofuata. Huyo hatujasikia akiitwa ameharibikiwa.

Kitu kimoja hatukikubali dukani, nacho ni kubeti. Alikuja kijana kutuonyesha namna ya kuweka pesa kwenye mechi za Marekani, akaona tunafuatilia akadhani amepata wateja. Tulimrudisha alikotoka. Haramu yake inajulikana, hatuhitaji kuirefusha. Ila hata ukiiweka dini pembeni, aliyebeti hampendi tena mchezaji, anaipenda namba. Toronto wakifungwa yeye amepoteza elfu kumi, sisi tumepoteza usingizi tu, na usingizi unalipika adhuhuri.

Waume zetu? Wawili wanacheka, mmoja ananuna, mmoja sasa anatuuliza matokeo kabla hatujamwambia. Aliyenuna tumemweleza kuwa yeye ana Simba, ana Arsenal, na hakuna siku aliyoulizwa vinamletea nini nyumbani.

Msimu mpya unaanza mwishoni mwa Machi 2026, siku chache baada ya Idi, inshaAllah. Mpaka hapo tuna nguo za watu za kumaliza, na hakuna atakayetukuta na simu mkononi mwezi wa Ramadhani wakati kanzu za watoto hazijatiwa vifungo. Baada ya hapo, Jumapili saa mbili na nusu usiku tupo kwa mwenzetu mmoja wa Mwanakwerekwe, shoga yetu yuko kwenye simu na kelele za uwanja nyuma yake. Anayetaka kujua habari zake na aje amsalimie, ila asije na orodha ya mahitaji. Na bando aje nalo lake.