Usisake hazina kwa pesa ya mzigo

Wafanyabiashara wenzangu, hili niliseme wazi. Huku Rukwa, ukitaja boma la Wajerumani la Kasanga utasimuliwa hela zilizofukiwa. Mwaka jana jamaa aliniletea dukani hapa Sumbawanga "rupia ya Mjerumani". Nikampa 150,000, pesa ya mzigo wa vitenge, nikijua nitaiposti niuze mara tatu. Jioni nikaisogezea sumaku ya spika mbovu. Ikanata! Rupia ile halisi ni ya fedha, na fedha hainati. Vitenge sikuagiza, wateja wawili wakahamia kwingine.

Kusaka hazina ni starehe, sikukatazi. Ila tumia siku yako ya mapumziko, sio mtaji. Sumaku kwanza. Isiponata, bado usilipe, mpelekee sonara. Pesa ya mzigo inunue mzigo.